Paskalina Wawili na Nyumba Moja ya Kituo

Ninyi mliopokea funguo za kabati la dawa baada yangu mmeniuliza mara nyingi mambo mawili. La kwanza, kwa nini kijiti cha kupimia kina cha josho kimekatwa alama kwa kisu badala ya kupakwa rangi. La pili, kwa nini katika nyumba ya bwana mifugo anaishi mama mmoja wa Kimaasai ambaye hayumo katika orodha yoyote ya watumishi. La kwanza ni rahisi: rangi tuliyoletewa ilibanduka baada ya wiki moja ndani ya dawa. La pili litanichukua kurasa kadhaa, na sitatoka humo nikiwa msafi.

Niliingia kazi hii nikiwa mtu mzima tayari, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kabla ya hapo nilikuwa karani katika shamba la kahawa huko Oldeani, kazi ya kuandika majina ya wachumaji asubuhi na kuyasoma jioni. Nilikuwa na kidato cha pili, mke, watoto wawili, na imani kwamba ng'ombe ni mnyama mpole. Nikafundishwa miezi michache, nikapewa buti, koti la kaki na barua, nikapelekwa kituo kimoja upande wa pili wa mlima, ndani ya Ngorongoro. Jina la kijiji silitaji, maana wengi wa niliowadanganya, na wengi walionisaidia kudanganya, bado wako hai na wanacheka.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye kofia aliyoivua wakati wa kulala tu. Josho, kwa asiyelijua, ni mfereji wa saruji uliojazwa dawa ya kupe. Ng'ombe huingizwa mmoja mmoja, huruka, huzama hadi pembe, huogelea, hupanda ngazi upande wa pili, kisha husimama kwenye sakafu ya mteremko ili dawa imchuruzike na kurudi shimoni. Siku ya kwanza Mzee Hamisi alinisimamisha ukingoni.

"Ukianguka," akaniambia, "funga mdomo kwanza. Maswali baadaye."

"Nani ataanguka, mzee?"

"Wewe. Saa nne hivi."

Nilianguka saa tano kasoro. Dume jeusi lilikataa kuruka, nikalisukuma, likaamua kunitanguliza. Nilifunga mdomo kama nilivyofundishwa, nilisahau macho. Wamaasai waliokuwa na mifugo yao wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo wakanipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Asiye na Kupe.

Mzee huyo alinifundisha yote ninayoyajua. Kipimajoto kifungwe uzi, na uzi ubanwe kwenye manyoya ya mkia, ama sivyo kitazama ndani na utakisubiri mpaka kesho ukiwa umesimama nyuma ya ng'ombe. Ndama mwenye ndigana, ile homa ya kupe, mpapase chini ya sikio kabla hajaanza kukohoa. Tezi ikiwa kama yai la kwale, bado una siku mbili, ikiwa kama yai la kuku, mwombee. Dawa ya josho usiipime kwa macho. Ng'ombe mia wakipita, shusha kijiti, soma, ongeza maji na dawa kwa kipimo, koroga, soma tena. Lakini somo lake kubwa halikuwa la dawa. Alikuwa anaishi palepale kituoni na mke wake, Bi Mwanaidi, na kuku wao, na sufuria zao zimeanikwa juani.

"Ng'ombe haugui kwa ratiba, Gwandu," alikuwa akisema. "Anaugua siku unayotaka kupumzika. Lete mkeo."

Nilijaribu. Mke wangu ni Paskalina, lakini sote tunamwita Mama Boay kwa jina la kifungua mimba wetu. Wakati huo kilimo kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku ndani ya hifadhi, na sisi Wairaqw wa Oldeani ni watu wa mahindi, maharage na ngano.

"Kule wanalima nini?" akaniuliza.

"Hawalimi. Wanafuga."

"Na mtu akitaka kulima?"

"Hairuhusiwi."

"Hata mchicha?"

"Hata mchicha."

"Baba Boay, mimi nikikaa wiki bila kushika jembe mikono inavimba. Unanipeleka mahali ambapo bustani ni kesi? Nenda wewe na ng'ombe zako."

"Si zangu, ni za Wamaasai."

"Basi nenda na za watu."

Nikaenda na za watu. Mzee Hamisi alipostaafu nikabaki peke yangu katika ile nyumba ya vyumba viwili, nami nikajitungia ratiba. Siku za kuogesha zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Ijumaa alfajiri akina mama wa Kimaasai walikuwa wakiondoka na punda kwenda Oldeani kununua mahindi, kwa njia ya msituni, siku nzima kwa mguu. Wiki hii boma hili, wiki ijayo boma lile; msafara haukukosekana. Nikajiunga nao. Kwenye kona zenye nyati walinisukuma mbele wakisema serikali itangulie. Jumatatu nilirudi nao, punda wamebeba mahindi, mimi nimebeba maharage ya mke wangu. Hivyo ndivyo nilivyoishi kituoni kwa zaidi ya miaka kumi: siku nne kwa wiki, na katika ripoti siku saba.

Sasa niandike lililo baya, nisije nikalipita kwa utani. Jumamosi moja ndama wanne wa Mzee Parmwat, mwenyekiti wa kijiji, walishikwa na ndigana kali. Wote wanne walikufa. Dawa ilikuwa kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Mfuko ulikuwa Oldeani, kwenye suruali iliyoanikwa kwenye kamba. Jumatatu nilipofika, mzee hakunifokea. Alinionyesha ngozi nne zilizowambwa chini, akasema, "Karibu, bwana mifugo," akaenda zake. Afadhali angenipiga.

Halmashauri ziliporudishwa, katika miaka ya themanini, ofisi yetu ikatoa waraka: kila mtumishi wa kituo cha nje aishi kituoni pamoja na kaya yake, siku zote za wiki. Afisa utumishi atapita kuhakiki, naye mke wa mtumishi atatia saini au dole gumba kwenye fomu. Atakayekutwa hana kaya atahesabiwa ameacha kazi kwa hiari yake. Waraka ule ulikuwa wa haki; zile ngozi nne zilikuwa ushahidi wake. Lakini wakati ule niliuita uonevu, na nikausoma mara tatu kutafuta tundu.

Nilimwomba Mama Boay aje kwa siku chache tu. Afisa alikuwa apite wakati wowote ndani ya wiki mbili, na hizo zilikuwa wiki za palizi.

"Magugu hayasomi waraka," akasema. "Mwambie huyo afisa ukweli. Mwambie mke wangu ni mkulima, yuko shambani, naomba nihamishiwe upande wa Karatu. Kwani atakumeza, huyo afisa? Si mtu?"

Hilo ndilo lililopaswa kufanywa. Sikulifanya. Kwa umri wangu niliogopa kwamba nikiomba uhamisho nitaambiwa nipumzike kabisa. Nikarudi kituoni, nikaenda kwa Mzee Parmwat, mtu yuleyule wa ngozi nne.

Alinisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani. "Bwana mifugo wa siku nne," akasema mwishowe, "ni bora kuliko wa siku sifuri. Wakikufukuza, watatuletea nani? Twende tuone nyumba."

Tukaingia. Kulikuwa na kitanda, redio, buti na kalenda ya miaka miwili nyuma. Akavuta hewa kwa pua.

"Hii haina harufu," akasema. "Nyumba isiyo na harufu haina mtu. Afisa atajua akiwa bado mlangoni. Hapa panatakiwa moshi, maziwa, samadi na mwanamke."

Mwanamke alimpata yeye. Alikuwa mjane wa makamo, Ng'oto Naserian, yaani mama wa Naserian, aliyekuwa akiishi kwa kubanana katika boma la shemeji yake. Nilimfahamu vizuri, ni mmoja wa walionitanguliza kwenye nyati. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: mahindi, debe, hapana, ghali. Nikamwomba, kwa kinywa cha mwenyekiti, anikandikie nyumba kwa samadi ndani na nje, na ajenge kibanda cha jiko nyuma, na siku mbili tatu awashe moto humo. Akaniangalia muda mrefu. Akamuuliza mwenyekiti jambo kwa Kimaa. Mwenyekiti akanigeukia.

"Anauliza kama una hakika."

"Mwambie nina hakika sana. Tena afanye haraka."

Vijana, nilikuwa nimeishi na Wamaasai zaidi ya miaka kumi. Nilijua, kama mjuavyo nanyi, kwamba kwao nyumba ni ya mwanamke. Yeye huijenga, huikandika, huwasha moto wake, na mwanamume huingia kwa kukaribishwa. Nilijua kama karani anavyojua kitu: nilikuwa nimekiandika mahali. Lakini nyumba yangu ilikuwa na bati na misumari ya serikali, na nilidhani msumari wa serikali una nguvu kuliko samadi.

Alimaliza kwa siku nne. Sikuwahi kuona mikono inayofanya kazi vile. Nyumba ikawa na joto, ikanukia moshi na maziwa. Afisa alifika siku ya sita kwa Landrova, kijana mwenye miwani na viatu vyepesi, akashuka akitetemeka kwa baridi ya huko juu. Ng'oto Naserian alikuwa amekaa mlangoni na binti yake mdogo, na mbuzi watatu.

"Mzee Gwandu, huyu ndiye mama?" afisa akauliza akifungua jalada. "Hapa nina Paskalina."

"Ndiye, bwana."

"Wewe si mtu wa Mbulu? Naona mama amevaa Kimaasai."

"Baridi, bwana afisa. Shuka zinafaa."

Akaangalia shuka, akaniangalia mimi, akamwomba mwenyekiti atafsiri. "Muulize kama nyumba hii ni yake."

Mzee Parmwat akauliza, na mama akajibu bila kusita. "Anasema ni yake. Ameikandika mwenyewe."

"Moto wa jikoni nani anawasha?"

"Anasema ni yeye. Wengine hawana ruhusa."

"Na huyu bwana, analala hapa?"

Mama akacheka kidogo. "Anasema akiwepo, analala."

Tazameni sasa: hakuna hata neno moja la uongo alilosema yule mama, wala yule mzee. Uongo wote ulikuwa katika jina moja, na jina hilo nililileta mimi. Afisa akafungua kidau cha wino. "Mama Paskalina, weka dole hapa." Mwenyekiti akamwonyesha. Ng'oto Naserian akachovya kidole gumba akakiweka juu ya jina la mke wangu, safi kabisa, mistari yote ikaonekana. Akauliza hiyo Paskalina ni nini. Akaambiwa ni jina lake huko serikalini. Akalirudia mara mbili akiona ni tamu.

Landrova ilipoondoka nikamshukuru mama, nikampa kanga na kilo ya sukari, nikamwambia kazi imekwisha. Akapokea. Kisha akaingia ndani akachochea moto. Kesho yake alikuwepo. Keshokutwa yake akaleta ngozi yake ya kulalia na vibuyu vyake vyote. Nikamfuata Mzee Parmwat.

"Mzee, mbona haondoki?"

"Aondoke aende wapi? Pale ni kwake."

"Ni nyumba ya halmashauri!"

"Halmashauri ilikandika?"

"Nilimwomba msaada tu."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamtoka kwapani. "Msaada huombwa wa kubeba," akasema. "Wa kuswaga ng'ombe. Wa kukandika hauombwi, Asiye na Kupe. Alikuuliza kama una hakika, na ukamwambia afanye haraka!"

Na kwa hiyo mimi, mtumishi wa serikali, nikawa mgeni katika nyumba ya kituo. Nilibisha hodi. Nilipewa chumba cha mbele, chenye kabati la dawa, na asubuhi nililetewa maziwa. Hakukuwa na jambo lolote kati yangu na mama yule, naandika hivyo hata kama mtakonyezana. Aliniona kama mzigo wa dawa ulioachwa nyumbani kwake. Lakini kuna kosa jingine ambalo si la sheria wala la ndoa, na hilo silifichi. Nilipenda. Nilipenda joto, nilipenda maziwa yenye harufu ya moshi, nilipenda kuvua buti na kukuta maji ya moto. Mvua zikaja, njia ya msituni ikawa telezi. Ijumaa moja sikwenda Oldeani, nikasema kuna kazi. Ijumaa ya pili nikasema vilevile. Mwisho nikawa nakwenda mara moja kwa mwezi, na waraka ule niliokuwa nimeudanganya nikawa, bila kukusudia, nautii.

Akina mama wa punda hawakuwa na sababu ya kunyamaza. Walikuwa wakinunua mahindi mlangoni kwa Mama Boay mwenyewe.

Alikuja nao Jumatatu moja, alasiri, kwa mguu, akiwa amejifunga kanga kiunoni na viatu mkononi. Nilikuwa bado shimoni na kijiti, napima dawa ya kesho. Nilichelewa kufika. Nilimkuta amesimama mbele ya ile nyumba, na Ng'oto Naserian ametoka mlangoni kumpokea. Mke wangu alikuwa amejifunza Kimaa cha kutosha katika biashara ya mahindi, na yule mama Kiswahili cha kutosha, basi wakakutana katikati.

"Karibu," Ng'oto Naserian akasema. "Wewe nani?"

"Mimi Paskalina."

Mama yule akacheka kwa wema kabisa, kama mtu anayemsahihisha mgeni. Akainua kidole gumba. "Hapana," akasema. "Paskalina mimi."

Mke wangu alikitazama kile kidole. Halafu akanitazama mimi nikiwa nimesimama na kijiti kinachochuruzika dawa. Hakupiga kelele. Aliingia, akakaa, akanywa maziwa aliyopewa, akasifu ukandikaji, akauliza bei ya samli. Waliongea mpaka jua likaegemea, na nilipojaribu kuingia niliambiwa nisubiri. Alipotoka tulikwenda mpaka penye ukingo wa josho.

"Mwanamke hana kosa," akasema. "Nimemuuliza yote. Hata wewe, kwa upande ule ninaoufikiria, naona huna kosa. Hana haja nawe."

"Nashukuru, Mama Boay."

"Usishukuru. Umempa jina langu."

"Ni kwa karatasi tu."

"Na mimi huko kwenu nina nini zaidi ya karatasi? Ng'ombe wenyewe mnawapiga chapa wasichanganywe. Mimi miaka kumi na zaidi nimelea watoto wako peke yangu ili ubaki kazini, na kwenye jalada lako kuna dole la mtu mwingine. Nenda kwa afisa ukalirudishe."

"Watanifukuza."

"Utarudi nyumbani. Kwani ni adhabu?"

Nilimwambia nitakwenda. Nilimwambia baada ya chanjo. Baada ya chanjo nikasema baada ya mvua. Baada ya mvua afisa alikuwa safarini, na nilifurahi kusikia hivyo, kwa hiyo mjue kwamba sikuwa nimemtafuta kwa dhati. Muda wote ule mke wangu alikuwa anangoja jambo moja tu, na nililiweka kila mara upande wa pili wa jambo jingine.

Mwezi wa sita wa kungoja alichoka. Nilifika Oldeani siku ya mgawo wa sukari, nikapanga foleni ya duka la kijiji kama kawaida. Sukari ilikuwa inagawiwa kwa daftari la balozi wa nyumba kumi. Mzee Bura, balozi wetu, akafungua ukurasa wa nyumbani kwetu.

"Wewe humo," akasema.

"Mzee Bura, humo vipi? Unanijua tangu utotoni."

"Nakujua. Lakini mkeo alikuja akasema umehamia, tena akaniletea nakala ya waraka wenu. Mtumishi anaishi kituoni na kaya yake. Na kaya yako iko kituoni, ina Paskalina na dole gumba. Mtu haishi nyumba mbili, mwanangu. Hata mimi ningependa."

Foleni nzima ilisikia. Nikarudi nyumbani bila sukari, na huko nikapokelewa. Ukitaka kujua kama mke amekasirika, usiangalie kama amekunyima chakula. Angalia kama amekuandalia kama mgeni. Nilipewa kiti chenye kitambaa. Binti yetu Martha alininawisha kwanza, kabla ya kaka yake. Chai ilikuja katika kikombe chenye maua ambacho nilikuwa sijawahi kukinywea tangu kinunuliwe. Jumatatu nikasindikizwa mpaka njia panda, nikaambiwa karibu tena. Ikawa hivyo kwa miaka karibu minne. Wala sikwenda kwa afisa.

Nilikwenda siku ya kukabidhi funguo, siku ambayo ukweli haukuwa na bei tena. Nilimkuta mezani, miwani ileile, tumbo limeongezeka. Nikamweleza yote kuanzia samadi.

"Mzee Gwandu," akasema, "nilijua siku ileile. Nilikuwa na vituo kumi na kimoja vya kuhakiki na petroli ya vituo saba. Ungekuja ukaniambia mke wako ni mkulima, ningekuandikia uhamisho wa Karatu palepale. Kulikuwa na nafasi. Hakuna aliyeiomba."

"Basi futa lile dole."

"Jalada nimelifunga jana, limekwenda stoo. Haliwezi kufunguliwa kwa ajili ya kidole."

Ndivyo nilivyojua kwamba woga wangu wa miaka yote ile ulikuwa wa mlango uliokuwa wazi. Katika stoo fulani, mke wangu ana mistari ya kidole isiyo yake, na itabaki hivyo.

Nilifika Oldeani na sanduku langu na barua ya utambulisho, kama inavyotakiwa kwa anayehamia. Mzee Bura alikuwa amekwisha kuacha kazi kwa uzee, na nyumba kumi zetu zilikuwa zimemchagua Mama Boay. Kwa hiyo barua niliipeleka sebuleni kwangu. Akaisoma mpaka mwisho, akafungua daftari, akachukua kalamu.

"Jina?"

"Mama Boay, tafadhali..."

"Jina."

"Gwandu Tluway."

"Unatoka wapi?"

"Kituoni."

"Unahamia kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

"Anaitwa nani?"

"Paskalina."

"Yupi?"

Nikasema, "Wewe." Nikamweleza kwamba nimekwenda kwa afisa, nimesema kila kitu.

"Lini?"

"Juzi. Siku ya mwisho ya kazi."

Akaitua kalamu. "Yaani umevuka mto, ndipo ukaja kumwambia mamba ukweli," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayepima kitu na kukuta kimepungua, ila hakikuisha. "Sikiliza. Miezi sita. Ulale hapa siku zote saba, kila wiki. Ukilala nje hata siku moja tunaanza upya. Ikitimia, nitakuandika mkazi."

"Na leo unaandika nini?"

"Mgeni."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ileile, kabla sijafungua sanduku. Mikono yangu ya kijiti na sindano imeota malengelenge, naye huyatazama jioni bila kusema neno, isipokuwa juzi alisema yale ya kulia yamekaa vizuri.

Ng'oto Naserian naye bado yuko kwake. Ninyi mnaopangiwa kituo kile, bisheni hodi, msiguse moto wa jikoni, na mkitaka jambo la nyumba mwambieni aliyekandika. Nasikia hununua mahindi kwa Mama Boay kwa bei ambayo mimi sijawahi kuipata, na hutumiana salamu kwa wale akina mama wa punda, wakiitana kwa jina moja. Nanyi, kama mke wako ni mkulima, sema ni mkulima. Sema mapema, ukiwa bado una cha kupoteza.

Nimemaliza miezi minne na siku chache. Barua yenu ya kunialika Karatu kwenye sherehe ya kuniaga imefika. Nimeona kutakuwa na mbuzi, hotuba yangu, na kwamba wageni wa mbali mmewatafutia vitanda. Basi la kurudi Oldeani huondoka Karatu saa nane mchana, na sherehe zenu nazijua, saa nane ndiyo mwenyekiti anaomba radhi kwa kuchelewa. Nilikwenda kwa balozi kuulizia ruhusa ya kulala nje siku moja. Akasema ombi liletwe kwa maandishi, naye atalijibu baada ya mavuno ya maharage.

Nikalifikiria ombi hilo, hata karatasi nikaichukua. Kisha nikaitumia kuwaandikia ninyi haya. Yasomeni wakati wa hotuba, mbuzi mleni, na kitanda changu mpeni mwingine.